Barabara ya Tudor Naitengeneza Nyumbani

Hapa Tudor, Mombasa, hakuna gari linaloharibika kwa siri. Wewe jaribu. Ngoja saa nane ya mchana, watu wameshiba wali wamejinyoosha, njiani kumebaki paka na jua. Toa jeki polepole, usiiburure juu ya kabro ikakusemea. Kabla gurudumu halijaacha ardhi utasikia nyuma yako: "Assalaam aleikum. Hiyo ni shokomzoba." Siku niliyohamia nyumba hii, friji begani na kabati mgongoni, sikumwona hata mmoja wa hawa wataalamu. Jeki ina baraka zake.

Kilichonitoa ndani ni mlio. Gari likipanda tuta lagonga, likishuka lagonga tena, na nikikanyaga breki lavuta kushoto. Kushoto kwetu ndiko iliko meza ya viazi karai, na mwenye meza alishaanza kunitazama kwa jicho la mashtaka. Nyumbani nako wamezoea. Mke wangu akisikia kishindo cha kwanza pale kona, hupasha mchuzi. Akisikia cha pili, hupakua. Nilipomwambia nataka kuutoa mlio ule, akaniuliza, "Sasa sisi tutajuaje kama waja?"

Baraza ya mtaa wetu ilikuwa imeshalitibu gari bila kuligusa. Wa kwanza alisema shokomzoba. Wa pili, bol-jointi. Mwenye duka akasema rakiendi, kwa kuwa gari la shemeji yake lililia hivyo hivyo, na shemeji yake akaa Kisauni, penye mashimo makubwa zaidi, kwa hiyo neno lake lina uzito. Mmoja, asiye na gari wala leseni, alishauri nitie upepo kidogo kwenye tairi. Mama mmoja aliyepita na sinia la mahamri alisimama, akatikisa kichwa, akauliza kama gari lilisomewa liliponunuliwa.

Basi ilikuwa bushi. Nilitia mtaimbo mdogo baina ya mkono wa gurudumu na bodi, nikabinya, na mkono ukacheza pale ambapo haukutakiwa kucheza. Mpira ulikuwa umepasuka pande zote mbili, umebaki kushikiliwa na mazoea tu.

Kwa asiyelala chini ya magari, nieleze. Kila gurudumu la mbele limeshikwa na mkono wa chuma, na mkono huo haukufungwa kwenye bodi chuma kwa chuma. Katikati pana bushi: bomba dogo ndani, bomba kubwa nje, na baina yao mpira uliogandana na yote mawili. Bolti hupita katika bomba la ndani na kulibana lisizunguke. Gurudumu likipanda, mpira hujinyonga; likishuka, hujinyongoa. Hautaki grisi, hautaki sifa. Kazi yake yote ni kupigwa na kunyamaza. Ukichanika, chuma hukutana na chuma, na hapo ndipo mtaa mzima unapopata habari zako.

Mpira huo hauna kosa. Gari hili lilizaliwa Japani, likatumika huko kwenye barabara za watu wastaarabu, kisha likapanda meli likashushwa hapa hapa bandarini kwetu. Kenya hairuhusu kuingizwa gari lililopita miaka 8. Sheria nzuri, ila imesahau kusema gari hilo litateswa miaka mingapi baada ya kuingia. Gari la barani hupata lami ndefu likapumzika. La kisiwani halipumziki: safari zake zote ni fupi na kila moja ina matuta.

Na haya matuta yetu, jamani. Lami tunaahidiwa miaka mitano, tuta huota baina ya isha na alfajiri. Halina rangi, halina kibao, halina kipimo. Mtu mtoto wake akikoswa na tuk-tuk asubuhi, jioni amepata ndoo mbili za saruji na vijana wa kukoroga. Nami simlaumu, maana tuk-tuk zetu nazijua. Lakini kila mzazi akijenga tuta lake, na kila tuta likawa na urefu wa hasira ya aliyelijenga, mpira wa watu utaishi vipi? Kisha njoo masika. Maji hujaza shimo mpaka likawa sawasawa na barabara, na wewe mwenye gari huambiwa ukadirie. Ukienda kuuliza barabara ni ya nani, ofisi ya kwanza itakwambia ni ya ofisi ya pili, ofisi ya pili itakwambia mpaka wao unaishia pale juu. Baina ya mpaka na mpaka pana shimo, nalo halina mwenyewe.

Fundi wa gereji niliyempelekea alilitazama gari kwa mbali, akasema, "Badilisha mkono mzima, pande zote mbili, na shokomzoba tukiwa hapo hapo." Nikamwuliza mkono una kosa gani. Akasema hauna kosa, lakini kutoa bushi kuna kazi. Nikashukuru, nikaenda zangu madukani, upande wa Mwembe Tayari.

"Nataka bushi za mkono wa chini."

"Wataka zipi, sheikh? Kuna jenwini, kuna eks-Japani, kuna za kawaida."

"Tofauti yake?"

"Bei."

Hiyo eks-Japani niliitazama kwa makini. Ni mpira uliokwisha tumika kwenye gari jingine, ukang'olewa, ukapanguswa, ukavuka bahari. Yaani niutoe mzee wangu nimtie mzee wa mwenzangu. Ile jenwini nayo ilikuwa kwenye boksi lililoandikwa jina la kiwanda kwa herufi zote isipokuwa moja. Nikachukua za kawaida, ambazo angalau hazikujifanya.

Nikarudi, nikatoa jeki, na hapo ndipo tulipoanzia: watu hao. Wale wa baraza si hoja, hao ni watazamaji. Balaa ni watatu waliosoma. Mtaa wetu hauko mbali na lango la chuo, na chuo chenyewe kimebadilisha jina kizazi hadi kizazi. Kiliasisiwa mwishoni mwa miaka ya 1940 kama Taasisi ya Elimu ya Kiislamu ya Mombasa, MIOME kwa ufupi, kwa michango ambayo mmoja wa waliotoa alikuwa Sultani wa Zanzibar, ili vijana Waislamu wa Afrika Mashariki wapate ufundi. Mwaka 1972 kikawa Politekniki. Mwaka 2013 kikawa Chuo Kikuu cha Ufundi cha Mombasa, TUM. Lango ni la chuo kile kile, na mimi Mungu amenijaalia jirani mmoja kwa kila jina.

Mzee wa MIOME alifika na kiti chake. Bwana wa Politekniki alifika na spana zake, ambazo haazimi mtu, huja nazo ili uzione. Kijana wa TUM alifika na simu.

Jambo la kwanza lilikuwa la kuegemeza gari. Mimi nina stendi mbili za chuma na sikubali kulala chini ya gari lililoshikwa na jeki peke yake. Jeki huteremka bila kubisha hodi. Bwana wa Politekniki akaona stendi ni mbwembwe. Akaviringisha jiwe moja la timbo, haya ya tumbawe tunayojengea nyumba, akalisukuma hadi karibu na gurudumu. Mzee akaliunga mkono jiwe.

"Jiwe hili ndilo lililojenga Fort Jesus," akasema. "Tangu 1593 yasimama. Imepigwa mizinga."

"Kweli, Mzee. Lakini Fort Jesus haikunyanyuliwa kwa jeki nami nikaingia chini yake."

Tumbawe hubeba ukuta vizuri, kwa kuwa uzito wa ukuta umetandazwa. Uweke ncha moja ya chuma katikati ya jiwe, juu yake tani nzima ya gari, na jiwe hugeuka unga bila kukuaga. Nikatumia stendi zangu. Jiwe likabaki pale pale, likapata kazi ya kukaliwa.

Jambo la pili lilikuwa bolti. Tudor imezungukwa na mkono wa bahari, na upepo wetu una chumvi ya kutosha kukaangia. Bolti ilikuwa imeshikana na bomba la ndani la bushi kwa kutu, haitaki kwenda mbele wala kurudi. Nikapulizia mafuta ya kulegezea nikasema tungoje. Neno kungoja halipendwi na watazamaji. Mmoja akasema mimina dizeli. Mwingine akasema soda. Mwenye meza ya viazi karai akaleta ndimu, na sikujua kama ni ya bolti au ni ya kuniliwaza. Baadaye nikachomeka bomba refu kwenye mpini wa spana ili nipate nguvu.

"Hiyo yaitwa momenti," akasema kijana wa TUM. "Nguvu mara umbali."

"Hiyo yaitwa bomba," akasema Mzee wa MIOME. "Nasi tulikuwa nalo."

Bolti ikatoka. Kila mmoja akachukua sifa yake.

Jambo la tatu lilikuwa kuing'oa bushi kuukuu kwenye mkono. Bwana wa Politekniki akataka tuuchome mpira kwa moto, ni njia ya mkato. Sawa, lakini moshi wa mpira ni sumu na majirani wa ghorofa ya pili walikuwa wameanika nguo nyeupe za mwaliko wa harusi. Nikaukata mpira kwa kisu, nikapasua ganda la nje kwa msumeno wa chuma, polepole ili nisiujeruhi mkono wenyewe, kisha nikaligonga kwa patasi. Ni kazi ya jasho na matusi, na mbele ya Mzee matusi hayaruhusiwi, kwa hiyo ilikuwa ya jasho mara mbili.

Wakati huo bushi mpya zilikuwa ndani ya friza. Chuma kikipata baridi husinyaa kidogo, kadiri ya unywele, na unywele huo ndio tofauti ya bushi kuingia na bushi kukataa. Mke wangu huuza barafu za ukwaju kwa watoto wa mtaa. Alifungua friza, akanyamaza, kisha akaita kwa ile sauti isiyo na haraka.

"Hivi nini, baina ya ukwaju na changu?"

"Bushi, mama watoto."

"Mtoto akiniletea shilingi kumi nikampa hii?"

Nikamweleza habari ya chuma na baridi. Akanieleza habari ya mteja na jino. Tukasuluhishana kwa mfuko wa plastiki na ahadi ya kuosha friza.

Hakuna presi kwetu, na wasio na presi wana bolti ndefu, nati, washa nene na kipande cha bomba pana. Unapanga vyote kwa mstari, unakaza nati, na bushi huvutwa ndani polepole. Kabla ya hapo kuna la kutazama: baadhi ya bushi zina matundu kwenye mpira, na matundu hayo lazima yaelekee pale pale yalipoelekea ya zamani, ama gari litakuwa na tabia nyingine. Nilikuwa nimetia alama kwenye mkono kwa rangi ya kucha niliyoipata bafuni, nyekundu, naona ni ya sikukuu. Mzee akataka tupake grisi ili iteleze.

"Grisi hula mpira, babu," akasema kijana wa TUM. "Mpira huvimba ukaoza. Sabuni ni bora."

Mzee akamtazama kwa muda. Akasema magari ya ujana wake yalikuwa na vitundu vya kutilia grisi kila mahali, mtu akiliendea gari na bomba la grisi kila mara, na magari hayo yakaenda. Peugeot 404 ilishinda Safari Rally mara 4 baina ya 1963 na 1968, akasema, na hakuna aliyekuwa akiipaka sabuni. Hilo la ushindi ni kweli, hakuna wa kulipinga. Lakini vile vilikuwa vyuma vya kuzunguka na hivi ni mipira ya kujinyonga. Nikaingia ndani nikatoka na sabuni ya kufulia. Kwa hesabu ya mke wangu, gari hilo lilikwisha kula friza, rangi ya kucha na sabuni, na bado halijaenda popote.

Bushi ikaingia. Ya pili ikaingia. Mkono ukarudi mahali pake, bolti zikapita, na Bwana wa Politekniki, aliyekuwa ananyemelea nafasi tangu mchana, akachukua spana yake mwenyewe akataka kukaza zote hapo hapo ili tuwahi magharibi.

"Simama!" Sauti ilikuwa ya kijana na ya Mzee, pamoja.

Wakatazamana. Hawakuwa wamekubaliana jambo lolote tangu jeki. Mzee akaanza, kijana akamaliza, na maneno yakawa yale yale: usikaze bushi gari likiwa hewani. Gari likiwa juu, gurudumu limening'inia. Ukiibana bolti hapo, mpira utajua kwamba kuning'inia ndiko kupumzika kwake. Ukishusha gari, uzito huunyonga, nao hukaa umenyongwa usiku na mchana, hata gari likiwa limeegeshwa, na hauchukui muda kuchanika tena. Zishike bolti kwa vidole tu, shusha gari, magurudumu yabebe uzito, ulitikise likae sawa, ndipo ukaze. Bwana wa Politekniki akasema alikuwa akijua, alitaka kutupima. Miaka zaidi ya sabini, majina matatu, na somo halikubadilika.

Nikalala kando ya gurudumu, gari limekaa chini, nikikaza kwa nafasi ya kiganja, na hapo ndipo yalipokaa sawa mambo ya nchi hii kichwani mwangu. Barabara zetu hukazwa zikiwa hewani. Hupangwa ofisini, hupimwa kwenye karatasi, hukatiwa utepe siku ya jua, zote bado hazijabeba kitu. Uzito huja baadaye: lori la mchanga, masika, tuk-tuk zenye abiria watano, na tuta la baba mwenye hasira. Lami huchanika, mwenye kuikaza ameshaondoka, na kinachobaki kubeba ni mpira wangu.

Na nimeshalipa, ndilo linaloniuma. Kenya kila lita ya mafuta ina Tozo ya Matengenezo ya Barabara ndani yake. Ilikuwa shilingi 18, na tangu Julai 2024 ni shilingi 25. Kila nikitia mafuta natoa fedha barabara itengenezwe. Kisha narudi nyumbani, natoa jeki, na naitengeneza. Shimo ambalo halikuzibwa kwa lami huzibwa kwa bushi. Tofauti ni kwamba shimo lingezibwa kwa lami tungepita sote, na kwa bushi napita mimi peke yangu, mpaka tuta lijalo. Tembea Tudor jioni uhesabu magari yaliyonyanyuliwa: hiyo ndiyo kampuni ya ujenzi, na wote tunafanya kazi bure. Mnaotaka kunijibu kwamba ningehamia kwenye teksi za programu, ulizeni madereva wake wanabadilisha bushi mara ngapi.

Baada ya hapo kulikuwa na gharama ya alaimenti, kwa kuwa ukigusa mkono umegusa mwelekeo wa gurudumu, na ukipuuza hilo tairi huliwa upande wa ndani kimyakimya. Nikalipa. Gari linapita tuta sasa bila neno, linafunga breki likielekea mbele, na mwenye viazi karai amenirudishia salamu. Barazani kila mtu ameshinda: wa shokomzoba asema nilipotoa bushi shokomzoba ikapona, wa rakiendi asema ngoja, na yule asiye na leseni anawaambia wapita njia kwamba alisema mapema, ni upepo.

Mwaka 2027 tutaombwa kura, na najua kuna atakayesimama juu ya gari lenye paa wazi pale barabarani atuahidi lami hadi mlangoni. Namkaribisha, kahawa tungu ipo na halwa itapatikana. Ila asitwambie kitu akiwa huko juu. Ateremke, avue koti, alale chini ya gari langu autazame mpira, kisha aahidi kutoka huko chini. Asiogope. Stendi za chuma ninazo, na jiwe la timbo amelikalia Mzee.